Msomaji Aliyechelewa

Naona haya kulisimulia hili, lakini kukaa nalo moyoni kumenishinda.

Jua lilikuwa linazama mama aliponiita. "Mwanangu, nisomee alichoandika mdogo wako siku zile za mwisho. Si ulikuwa unamsoma kila siku?"

Nikaitikia ndiyo. Uongo mtupu! Mdogo wangu alikuwa na faili lake la vijisentensi vya kila siku, kama shajara, ndani ya kompyuta ndogo aliyoiacha hapa kwa mama, chini ya kitanda chake cha zamani. Hakuna kampuni katikati kama kwenye mitandao mingine. Akiwa kwenye chumba alichopanga, anaandika kwa simu, maneno yanaingia humo. Anayetaka kumsoma anaweka programu, anaipa anwani ya faili, programu inakwenda kuchota mistari. Kila aliponiuliza nilimjibu, "Nakusoma, bibie, kila asubuhi." Programu yenyewe sikuwahi kuiweka. Na kazi yangu ni ufundi wa kompyuta, jamani. Sasa ana wiki tatu kaburini.

Nikakaa sebuleni mbele ya skrini nyeusi ya kompyuta yangu, mama ubavuni. Nikaandika amri ya kuweka programu, nikijifanya nafungua kitu cha siku zote. Ikauliza jina langu. Nikaandika lile alilonitania nalo, Kaka Kesho, maana kila jambo kwangu ni kesho, kesho. Ikauliza anwani. Nikaweka. Nikabonyeza.

Mistari ikamwagika.

"Kichwa kinauma tangu jana."

"Nimempigia kaka, hapokei. Mama sitaki kumshtua."

"Siwezi kuinuka. Labda leo kaka atasoma."

Huo ndio ulikuwa wa mwisho.

"Anasema nini?" mama akanong'ona. Herufi zile ndogo zilimshinda.

"Anasema... alikuwa mzima tu, mama. Anakusalimu."



Kisha harufu ikaja. Mafuta ya karafuu, yale aliyojipaka kwenye paji la uso kichwa kikimuuma. Na kutoka chumba chake cha hapa kwa mama, ambacho mlango wake tulikuwa tumeufunga...

Tak. Tak tak. Tak...

Mtu anaandika.

Mstari mpya ukatokea. Saa yake ilikuwa ya dakika ileile.

"Leo nimeliona jina lako kwa mara ya kwanza."

Programu hizi zikichota, huacha jina la msomaji kwenye mashine ya mwandishi. Nilikuwa nimelisahau hilo, fundi mzima! Kumbe kila nilipomwambia nakusoma, alikuwa anajua naongopa, maana jina langu halikuwahi kufika kwake. Akanyamaza, asiniaibishe.

Nikakimbilia chumbani. Hamna mtu. Kitanda kimetandikwa. Nikaingia mvunguni, nikaing'oa waya mashine, taa yake ikazima. Waya nikarudi nao mkononi.

Mama alikuwa ameinamia skrini, pua karibu iguse kioo, kidole kikifuata mistari. Chini kabisa palikuwa na mmoja ambao sikuuacha pale.

"Mama, soma mwenyewe."

Hakugeuka kunitazama. Sauti yake ilikuwa ya chini mno.

"Alikupigia. Mara ngapi?"

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe. Nilitaka kusema moja. Nilitaka kusema simu ilikuwa mbovu. Kabla sijafungua mdomo, skrini ikajibu.

"Tisa."

Ni kweli, zilikuwa tisa. Nilikaa naiangalia simu ikiita mpaka ikanyamaza, na hilo sikuwa nimemwambia mtu yeyote.