Masizi ya Mlangoni

Mkono wa blauzi ndio uliowakutanisha. Kasiva alikuwa sokoni Mutindwa siku ya watu kusukumana, amekumbatia vipande vya sponji vya magodoro, alipohisi nguo ikivutwa. Pembe ya bati kuukuu ilikuwa imenasa ile blauzi ya buluu aliyoinunua juzi tu. Nyuma ya bati alisimama kijana mrefu, ovaroli imejaa rangi, macho yamejaa kicheko.

"Pole, madam. Bati langu limekupenda kabla yangu."

"Liambie likate kucha. Nguo mpya hii!"

"Na hizo sponji? Unashonea nani godoro?"

"Picha. Nasimamia stoo ya makumbusho ya sanaa, pale Donholm. Tunazipanga upya, zimechoka kulala sakafuni."

Kijana akaacha kucheka. "Basi mlango wangu uko kwako. Mimi ni Wasike."

Kasiva alimjua kwa kazi kabla ya kumjua kwa sura. Mlango ule wa mabati kutoka mtaa wa mabanda wa Mukuru kwa Njenga, uliopakwa rangi nusu na kuachwa nusu, aliupenda kuliko picha zote za stoo. Mvua ilikuwa imepenya paa, ukungu umeanza kula turubai za picha, naye ndiye aliyepewa kazi ya kuinua kila kitu na kukiweka kwenye rafu mpya za chuma kabla mvua nyingine hazijafika.

Wakapendana, tena upesi. Simu ya Wasike haikukosa saa ya chakula.

"Umekula, malkia wa sponji?"

"Nimekula vumbi. Mlango wako bado unangoja zamu."

"Usiutupe tu."

"Nitakutupa wewe kwanza, mpenzi."

Kasiva akampeleka kwao Buruburu. Mama yake alimkaribisha Wasike kwa chapati huku akimkagua viatu. Mama huyo sufuria zake hung'aa hadi chini, na kwake masizi ni aibu. Kasiva amelelewa hivyo, akisugua kwa jivu tangu utotoni. Akiona weusi, mkono wenyewe hutafuta kitambaa.

Na kanuni ya stoo aliijua: usifute usichokijua. Yeye ndiye aliyewafundisha wenzake. Lakini mapenzi yalimtia ujuaji. Wasike alikuwa anakuja kuona rafu mpya, naye akataka mwenzake akute kazi yake inameta. Akatwaa vitambaa vyeupe vya pamba, akafuta polepole weusi ulioganda kando ya komeo, akidhani ni uchafu wa paa lile bovu. Alikuwa akiimba.

Wasike alifika na shati lililopigwa pasi na karanga za kumtunza mpenzi wake. Akautazama mlango. Karanga zikamwagika sakafuni.

"Masizi yako wapi?"

"Nimekusafishia, dear. Si umependeza?"

"Kasiva, masizi yako wapi?"

"Nimeyafuta. Yalikuwa uchafu tu."

"Ulikuwa mkono wa mathe, mama yangu." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Stovu yake ilikaa hapo mlangoni. Akitoka kupika, anashika hapo kufungua. Alipokufa nyumba zikabomolewa, nikabaki na hilo bati. Sina picha yake hata moja."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningeanzia wapi? Kwenu hata chini ya sufuria hamna masizi."

Akaondoka. Kasiva alipiga simu hadi akachoka kusikia kwamba mteja hapatikani. Alilia, akakonda. Mama yake akamwambia maji yakimwagika hayazoleki. Kasiva akaichukia methali hiyo, maana masizi yalikuwa yamezoleka. Siku ileile alikuwa ameinamia pipa la taka, akaviokota vile vitambaa kimoja kimoja, akavilaza kwenye kisanduku chenye karatasi safi, akakiweka rafu ya juu, karibu na mlango.

Alimwandikia Wasike habari hiyo. Mvua zilipoanza, akaja, shati limelowa. Stoo ilikuwa kavu. Kasiva akafunua kisanduku. Wasike hakugusa kitu. Aliinama tu, akanusa.

"Mafuta taa," akasema. "Ni yeye."

Wakalia wote wawili, wameshikana.

"Nisamehe, Wasike."

"Nilishakusamehe kitambo."

"Basi turudiane."

Wasike akauchukua mkono wake, akaufungua kiganja, akakitazama. "Nakupenda, Kasiva. Usidhani ni uongo. Lakini nikiushika huu mkono, nautafuta ule mwingine. Nimejaribu, nimeshindwa. Utazeeka ukiomba msamaha."

Kasiva akamsogezea kisanduku. "Basi chukua vitambaa vyako."

"Kwangu kunavuja. Wacha mathe alale hapa. Utamwangalia?"

"Nitamwangalia."

Akambusu kile kiganja, akatoka mvuani. Kasiva alisimama hadi nyayo zake zikapotea kwenye kelele za mabati. Kisha akakata kipande cha sponji, katika zile za Mutindwa, akamtandikia mama mkwe ambaye hatakuwa wake, akafunga kisanduku.