Birika la Muosha

Kwa miaka thelathini na moja kazi yangu ilikuwa kupima umri wa vitu vya kale na kuuandika kwenye kadi. Swali moja tu lilinishinda, na limenishinda hadi leo. Ni nani huchonga zile alama kitakoni mwa birika la Bupe?

Ilikuwa Jumamosi, jua linazama. Nilikuwa natoka kununua mkate, nikamkuta Bupe mlangoni kwangu na kitu amekifunga kwenye kitenge. Ni jirani yangu hapa Kipawa, karani, mtu wa Tukuyu, na si mwoga. Aliniamkia lakini hakungoja niitikie.

"Mzee Cyprian, niambie hiki ni cha nini na cha lini. Leo, tafadhali. Kesho nitakuwa nimechelewa."

Tuliingia. Akaniambia kwamba birika alilinunua kwa wauza vyuma chakavu wa Vingunguti, akalipendea nakshi, akawa analitoa wageni wanawishwe nalo kila chakula kikubwa nyumbani kwake. Tangu hapo watu watatu walikuwa wamekufa. Shemeji yake Polikarpo, wifi yake Anastasia, na mama mmoja wa kwaya, Filomena. Hakuna aliyeumwa kabla. Kila mmoja alikufa siku ya saba baada ya kuketi mezani kwake. Na sasa binti yake Jenipher, miaka tisa, alikuwa kitandani tangu asubuhi. Hospitali walimpima, hawakuona kitu. Mikono yake ilikuwa baridi kama bati. Chakula cha mwisho kilikuwa Jumapili iliyopita.

Sikumcheka. Nimeishi vya kutosha kujua kwamba hofu ya mtu haipimwi kwa mizani ya jirani.

Nikawasha taa nikalishika. Shaba ya njano, nzito. Kiungo cha ubavuni kilikuwa cha meno yaliyoumana, kimefuliwa kwa nyundo, si kwa mashine. Mpini ulikuwa umelika mahali pa kidole gumba. Shingoni palikuwa na mstari wa herufi za Kiarabu zilizofifia, kisha tarakimu. Tarakimu nazijua. Elfu moja mia tatu kumi na moja, mwaka wa hijra. Zaidi ya miaka mia moja na thelathini.

Nikaligeuza.

Kitakoni palikuwa na mikwaruzo midogo, imepangwa kama vijiti. Nilihesabu sitini na miwili. Yote ilikuwa myeusi, imeingia kutu ya kijani. Hiyo ni ya zamani. Mwishoni kulikuwa na mingine mitatu inayong'aa kama ufunguo uliochongwa leo.

"Nani amechora hii?"

Bupe alisema hakuna. Alilisugua mwenyewe kwa ndimu na majivu siku ya kwanza, hii mitatu haikuwepo.

Ndipo harufu ikaja. Kali, baridi, ya kupanda puani…

Karafuu maiti, ile ya kuoshea wafu.

Nikamwita Jamali, anayeishi nyumba ya tatu. Ni mtu wa Lindi, na ndiye anayeosha maiti wa Kiislamu mtaani kwetu. Alifika ameshika kandambili mkononi, akalitazama birika, akacheka kidogo.

"Nyie Wakristo mnanawia birika la maiti, halafu mnauliza kwa nini pilau halina ladha."

Kisha akasoma herufi za shingoni, na kicheko kikakatika. Hayakuwa maneno ya Kiarabu, alisema. Kilikuwa Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za zamani.

"Muosha huoshwa."

Methali hiyo kila mtu anaijua. Anayeosha maiti leo, kesho ataoshwa yeye. Lakini Bupe alikuwa ameshika mdomo. Nilimwuliza taratibu: wale watatu walinawishwa? Akatikisa kichwa. Wageni wote walinawishwa, na wote wazima. Wale watatu ndio walioshika birika. Polikarpo siku ya kipaimara. Anastasia. Filomena, aliyesema wageni waketi, yeye atawanawisha.

"Na Jumapili?" nikauliza.

"Jenipher," alinong'ona. "Nilimwambia mie. Nilimwambia awanawishe wakubwa, ndiyo adabu."

Krr…

Tulisikia wote. Mkwaruzo, kama msumari juu ya bati.

Krr…

Nililigeuza. Alama ya nne ilikuwa imefika nusu. Vumbi la shaba lilikuwa mezani, jipya, la rangi ya dhahabu.

Jamali hakusema zaidi ya sentensi moja: kama muosha lazima aoshwe, basi aoshwe akiwa hai. Tulikwenda kwa Bupe mbio. Jamali akatia maji, akamwinua mtoto, akammiminia mikononi polepole, mara tatu. Mikono ikapata joto. Jenipher akaomba chai.

Bupe alilia. Mimi nilikuwa namtazama Jamali, na Jamali alikuwa analitazama birika lililo mkononi mwake. Sasa muosha wa mwisho alikuwa yeye.

Hivyo tuliamua, wazee wawili. Jumamosi ile iliyofuata nilimnawisha mimi. Iliyofuata tena, yeye akaninawisha. Miezi minane sasa, zamu kwa zamu, jua linapozama, mezani kwangu. Hatujathubutu kulizika wala kuliyeyusha. Ile alama imebaki nusu.

Jumamosi iliyopita nilimimina mimi. Leo ni zamu ya Jamali, lakini alikwenda Lindi msibani, na mchana alipiga simu kwamba basi limeharibika njiani. Adhana ya magharibi imetoka. Vidole vyangu vimeanza kupoa.

Muda mfupi uliopita mlango uligongwa. Alikuwa Jenipher, ambaye zamu zetu anazijua, peke yake.

"Shikamoo babu. Babu Jamali hajarudi. Nimekuja kukunawisha."

"Mama anajua?"

"Hajui."

Alikuwa amekunja mikono ya shati tayari.

Nilimwambia nimeshanawa. Nilimpa kipande cha mkate, nikamsimamia hadi alipoingia kwao, kisha nikarudi, nikafunga mlango kwa komeo, nikakaa mbele ya birika.

Krr…