Pindo la Ghorofa ya Arobaini na Moja

Saa sita mchana Mkasi alivuta droo kuchukua pasipoti yake, akaikuta tupu.

Walikuwa marafiki wanne katika chumba kimoja kikubwa cha hoteli. Mkasi alikuwa fundi wa kukata nguo. Sindano alikuwa mwenzake wa cherehani, aliyeshona kila alichokata Mkasi tangu walipofungua kibanda chao. Shangazi alikuwa shangazi wa Mkasi kweli, ingawa walilingana umri na walikua pamoja. Wa nne alikuwa Afande, mpelelezi wa polisi aliyekuwa likizo, na aliyewaapia wenzake kwamba siku zote tatu hatamhoji mtu.

Wao walikuja kutembea tu, lakini Mkasi alikuwa na jambo lake. Saa tisa alitakiwa kwenye nyumba kubwa ya mitindo iliyoipenda michoro yake na kutaka kumwajiri. Bila pasipoti, walinzi wa jengo lile wasingemruhusu hata kukanyaga zulia. Na kesho yake alfajiri walikuwa wanapanda ndege kurudi nyumbani.

Ule mji wa ugenini ulikuwa umewatoa akili. Treni zilikwenda bila dereva, barabara ziling'aa utadhani zimeoshwa kwa sabuni ya vyombo, na majengo yalipanda mpaka shingo ikauma. Hata mapazia ya chumba yalijifungua yenyewe mtu akiingia. Lakini kilichowamaliza kabisa ni lifti ya kioo iliyopanda kwa nje ya jengo. Shangazi, aliyewahi kufika huko kabla, ndiye aliyegusa kibao cha ukutani kila mara, kisha wote wakaingia na kuugeukia mji. Sindano alibandika paji la uso kwenye kioo na hakubanduka mpaka mlango ufunguke.

Jioni ya kwanza Afande aliwahi kujitosa peke yake kwenye lifti iliyokuwa wazi. Akatafuta kitufe cha kubonyeza, ndani hakikuwamo hata kimoja. Ghorofa huchaguliwa nje, kabla ya kuingia. Lifti ikambeba mpaka mgahawa wa juu kabisa, akatokea mbele ya watu waliovaa tai, yeye na malapa yake na kilemba cha kulalia. Hakumsimulia mtu. Cheo kina heshima yake.

Sasa alikaa ukingoni mwa kitanda, kiapo chake kikiwa kimekwisha.

"Uliiona mara ya mwisho lini?"

"Saa nne, tulipotoka kwenye chai," Mkasi akasema. "Niliishika kwa mkono wangu, nikairudisha drooni."

Hilo lilimwondolea shaka mhudumu wa usafi, maana alikuwa amemaliza kazi wakiwa bado kwenye chai. Baada ya hapo Afande alikwenda kuogelea, Mkasi na Shangazi wakashuka madukani, Sindano akabaki. Aliyerudi wa kwanza kati yao ni Afande, saa tano na nusu, na alimkuta Sindano chumbani. Mapazia yalijifungua kama kawaida, ila la kulia lilikwenda kwa kujivuta, pindo likiburuta chini.

Afande akamgeukia Shangazi. "Mkasi anasema ulimwacha kwenye vitambaa, ukapotea nusu saa."

"Nilikuwa na shughuli zangu."

"Na jana ulisema wewe ukiwa hai, mtoto wa kaka yako hahamii ugenini."

Shangazi akainama. Akavuta boksi chini ya kitanda na kulisukuma kwa mguu hadi kwa Mkasi. Ndani kulikuwa na viatu vyeusi vya kisigino kifupi. "Nilikuwa nanunua hivi. Asiende kwa watu wa maana na yale makobazi. Kununa nilinuna, lakini kununa si kuiba."

Mkasi akaishika ile jozi, machozi yakamlenga.

"Na wewe?" Afande akamuuliza Sindano.

"Mlipotoka tu, na mimi nikashuka bustanini. Nimekaa huko weee, nikatazama yale maji yanayocheza. Nikarudi muda mfupi kabla yako. Nimeingia kwenye lifti, nikabonyeza arobaini na moja, nafika nakuta mlango umeegeshwa tu. Nikadhani ni mimi niliyeusahau."

"Ulirudi na nani?"

"Peke yangu."

Afande akasimama. "Twendeni wote kwenye lifti."

Walikuta wageni wanashuka. Shangazi akanyoosha mkono kwenye kibao cha ukutani, Afande akaudaka. Wakaingia, mlango ukajifunga.

"Haya, Sindano. Tupeleke bustanini. Bonyeza."

Sindano akageuka. Akatazama kushoto kwa mlango, akatazama kulia. Kulikuwa na ukuta laini mtupu. Mtu wa juu alikuwa ameiita lifti, ikaanza kupanda, na mji ukafunguka chini yao, mkubwa na mweupe, mpaka mahali unapoishia kwenye jangwa. Safari hii hakuutazama.

"Hujawahi kuipanda peke yako," Afande akasema. "Ulikuwa chumbani muda wote, na kazi uliyokuwa unaifanya inataka muda. Pazia la kulia jana lilikuwa linaelea. Leo pindo lake ni zito."

Mkasi hakuamini. "Sindano, sema si wewe."

"Ningeitoa usiku," Sindano akasema polepole. "Ningesema nimeiokota. Nilitaka saa tisa ipite tu." Akajifuta uso kwa kiganja. "Wewe utakata huku. Mimi nitashona nini? Sijui kukata, Mkasi. Sijawahi kukata hata mkono wa shati."

Wakarudi chumbani.

Mkasi alipiga magoti mbele ya pazia, akalipapasa pindo. Mshono ulikuwa mdogo, umenyooka, hauonekani mpaka uuguse. Aliutazama kwa muda, kama mtu anayesoma mwandiko anaoujua. "Hata kwenye wizi hukulipua kazi," akasema, kisha akaufumua na kutoa pasipoti. Ilikuwa saa saba na nusu.

Akavaa viatu vipya. Shangazi akamtangulia kwenda kugusa kibao. Mlangoni Mkasi akasimama, bila kugeuka.

"Nimekasirika, na nitaendelea kukasirika. Lishone hilo pindo la watu. Nikirudi jioni natandika shuka mezani, nawe utashika mkasi. Tunaanza na sketi. Hatulali mpaka uijue."

Mlango ukafungwa. Sindano akaketi sakafuni chini ya lile dirisha refu, akajaribu kutunga uzi, ukapita kando ya tundu, akajaribu tena. Afande akaketi kando yake, akaichukua sindano, akamtungia.