Sauti ya Muuguzi

Kwa jina la Mola azigeuzaye nyoyo apendavyo, naanza. Walikuwapo wawili: fundi wa lifti, mtu wa kifua chepesi kushika moto, na muuguzi wa wodi ya wagonjwa wa akili, mwenye sauti ya kumlaza simba.

Lifti ya hospitali ilikwama asubuhi na watu wanane ndani. Fundi, bisibisi mkononi, alisikia vilio, kisha sauti ya mwanamke: "Nipo hapa. Pumueni taratibu. Hakuna anayetukimbiza." Vilio vikakoma. Mlango ulipofunguka, akatoka mwenye sare nyeupe na mtandio wa samawati.

"Umechelewa, fundi."

"Ningejua ni wewe, ningechelewa zaidi nikusikilize."

Miezi sita haikupita, posa ikapokelewa. Kila fundi alipofoka, juu ya msimamizi au foleni tu, simu ilimjibu: "Nipo hapa, mpenzi. Pumua taratibu." Naye hupoa kama chuma kilichotiwa majini.

Siku moja alipanda wodini kumpelekea viatu vya harusi. Akamkuta mgonjwa ameinua kiti, wauguzi wawili wanaume wakijiandaa kumshika. Mchumba wake akawazuia kwa kiganja. "Nipo hapa. Pumua taratibu." Kiti kikashuka. Fundi akaviacha viatu mezani, akaondoka.

Jioni simu ikalia.

"Mbona umekwenda bila salamu?"

"Kumbe nami nina kitanda huko."

"Nipo hapa, mpenzi. Pumua..."

"Usiniuguze." Akakata.

Siku tisa hakupokea simu. Ya kumi alikuwa karakanani, akiwaambia wenzake kwa sauti kuwa atamtuma mjomba wake akaivunje posa, muuguzi alipoingia. Mtandio ulikuwa umekwenda upande, na sauti, kwa mara ya kwanza, ilikuwa juu.

"Unadhani kutuliza watu nimejifunza kazini? Nilikuwa na miaka saba. Baba alipofoka, mimi ndiye niliyetangulizwa mbele yake, maana mama alikwisha kuvunjwa mkono. Sauti hiyo ni woga, fundi. Wodini simwogopi mtu. Nakuogopa wewe."

Mafundi wenzake wakajitia kutafuta spana. Fundi akakaa juu ya kreti.

"Sijakuinulia mkono hata siku moja."

"Hata yeye alianza na mdomo."

Neno hilo lilimchoma. Moto ukampanda hadi masikioni, na muuguzi, kwa mazoea, akafumbua midomo amtulize. Fundi akainua kidole, si kwa ukali. "Usiseme kitu. Moto huu ni wangu." Akatoka nje bombani, akatia udhu kiungo kwa kiungo, bila haraka. Aliporudi, maji yalikuwa yakimchuruzika ndevuni.

"Ndoa isogezwe miezi mitatu," muuguzi akasema. "Nikutazame."

"Mitatu haitoshi kumjua mtu kama mimi. Sema minne."

Muuguzi akacheka, machozi yakiwa bado shavuni. "Minne, basi. Na mjomba wako abaki nyumbani kwake."

Na wote walio majumbani mwao, Mola awajaalie ulimi mpole usiozaliwa na hofu, na awape wenye nguvu uwezo wa kuzishinda nafsi zao kabla ya kuwashinda wengine. Amina.