Aliyemtafunia Samaki

Samaki yule alikuwa akiwatazama watu kooni. Sahani hakuijali, wala kijiko, wala mkono uliobeba chakula. Alitulia pembeni mwa tangi lake la kioo, na mtu akimeza tu, naye anainamisha kichwa kufuata tonge linavyoshuka. Fundi friji aliliona hilo siku ya kwanza, akacheka. Wapo watu wa namna hiyo, wanaocheka kwanza na kufikiri baadaye.

Alimpata kwenye nyumba ya mteja aliyefariki, mzee aliyeishi peke yake. Fundi alikwenda kuchukua friji bovu, ndugu wa marehemu wakambembeleza achukue na samaki, na tangi lake, na ndoo ya visamaki vidogo vya kumlisha. Walimsaidia kupakia bila kumtazama usoni. Mwingine angejiuliza. Yeye alifurahia cha bure, tena alijua mkewe angependa kitu cha kuwatuliza wateja, maana mkewe alikuwa msusi na alisukia watu palepale sebuleni.

Msusi alimpenda samaki, ila alichukia ulaji wake. Samaki hakula kitu kisichotapatapa. Kisamaki kikitiwa tangini, samaki alikikodolea macho mpaka kijibanze kwenye kona, kisha maji yanalia kwap, basi. Na msusi alikuwa na mimba ya kwanza, aliyoisubiri miaka mingi hadi mawifi wakachoka kumsema. Siku hizo machozi yalikuwa karibu.

"Siwezi kuwa naua kila siku na tumbo hili," alimwambia mumewe. "Nitamfundisha kula punje za dukani. Wenzake wanakula."

"Huyo? Atakufundisha wewe, mke wangu."

"Nimesuka watoto wanaopiga mateke na kung'ata. Huyu hana hata miguu."

Kwanza alimnyima chakula mpaka samaki akawa anagonga kioo kwa mdomo. Kisha alifunga kisamaki kilichokufa kwenye uzi wa kusukia, akakichezesha majini kama kizima, samaki akadanganyika. Baadaye ikawa kipande cha mnofu kwenye uzi uleule, halafu mnofu wenye punje ndani, punje zikiongezwa na mnofu ukipunguzwa. Vidole vyake vilikuwa na subira, ndiyo kazi iliyomweka mjini. Lakini zilipobaki punje tupu samaki akagoma. Alizitema zote, akarudi kwenye kioo kumtazama koo.

Hapo ndipo msusi alipokosea, na wala sithubutu kumwita mjinga, kwa sababu ni jambo ambalo kila mama humfanyia mtoto anayekataa kula. Alitia punje kinywani mwake, akaitafuna mbele ya kioo. "Unaona? Tamu hii. Ham!" Akaitoa kwa kidole, laini, imelowa mate, akaidondosha majini. Samaki akapanda taratibu, akaipokea.

Alimpigia mumewe simu kazini kwa vigelegele. Lakini fundi aliporudi jioni alikuta samaki anadonoa punje kavu bila tabu, na mkewe amekaa mbele ya sahani ambayo hajaigusa.

"Chakula kinanuka," alisema msusi.

"Kinanuka nini?"

"Kitu kilichokufa."

Mimba hiyo, fundi akajiambia, akala na sahani ya mkewe.

Tangu hapo nyumba ikaanza kunuka tope la bwawa lililokauka. Wateja waliuliza kama bomba limepasuka. Msusi alikonda mikono na uso huku tumbo likizidi kukua, na kila alichopikiwa alikisukuma kando. Mchana mmoja fundi alirudi kuchukua kifaa alichosahau, akasikia kutoka bafuni sauti ambayo alidhani imekwisha humo ndani: kwap. Kwap. Alisogea akikanyaga kwa ncha za vidole, akijiambia ni bomba, ni maji yanadondoka, ni kitambaa kinafuliwa, mpaka alipouona mgongo wa mke wake amechuchumaa juu ya ile ndoo ya visamaki, mikono yake miwili ameishika nyuma kabisa kama mtu asiyeihitaji, na uso wake ukitoka majini unachuruzika.

"Unafanya nini?"

Mdomo alikuwa ameufunga, na shavuni mwake kitu kilikuwa kikicheza.

Siku chache baadaye dada yake fundi, aliyekuwa amekuja kusukwa, alimvuta kaka yake nje ya mlango. Nusu ya kichwa chake ilikuwa bado timtim.

"Kaka, wifi alikuwa ananinusa shingo."

"Labda alikuwa anaangalia mistari."

"Mistari inaangaliwa kwa ulimi?" Alijaribu kucheka, midomo ikakataa. "Amenilamba, kaka. Hapa, mshipa unapopiga. Sirudi humo ndani hata kwa kusukwa bure."

Alfajiri iliyofuata fundi alimkuta mkewe amekaa kitandani, amelikumbatia tumbo, analia bila sauti.

"Nipeleke mbali," alinong'ona.

"Mbali na nini?"

"Anacheza, mume wangu. Mtoto. Kila akicheza, mate yananijaa."

Fundi aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa. Hakukaa tena kulaumu mimba. Alimtuma dada yake amlete yule mama anayeuza viatu vya mitumba, ambaye watu wenye majini walimwendea akishafunga biashara. Mama akaja na kapu lake la viatu, kwa sababu hakutaka kuliacha. Alisimama mbele ya tangi kitambo.

"Huyu sasa ni samaki tu," alisema. "Mkimpika analika."

Kisha akaingia chumbani, na alipotoka alikuwa ameshusha sauti.

"Nani aliyemtafunia?"

Fundi akamweleza.

"Basi ndivyo alivyohama. Kuna jini wa kichwani, huyo namtoa. Kuna wa miguuni, namtoa. Huyu amekaa kwenye njaa, mwanangu. Nikiitoa njaa ya mtu, namtoa na uhai wake. Hula kinachocheza tu, na anahamia kwa yule anayekitafuna chakula kilichokufa na kumpa mwenye njaa akakipokea."

"Tumrudishe kwa samaki."

"Samaki atamtafunia vipi mkeo? Samaki anameza."

Fundi alitazama mlango wa chumba. Mle ndani ndoo ilikuwa tupu, na mtoto alikuwa anacheza.

"Atakaa kwangu mpaka lini?"

"Mpaka ufe, naye awe hana pa kuhamia. Ila usikubali mtu akutafunie. Wala mkeo, hata akilia machozi ya damu. Akija kwake mara ya pili mtoto atakuwa kifuani, na mtoto mchanga hatulii."

Alifanya kama alivyomwona mkewe akifanya. Alifunga kipande cha mkate kwenye uzi wa kusukia, akakichezesha mbele ya uso ule aliouoa, na uso ukakifuata huku na huko, macho hayapepesi. Alilia akifanya hivyo, na hakuona haya. Mkate wa kwanza msusi aliutema. Ndipo fundi akatafuna kipande kingine, akakitoa kwa vidole, akavipeleka mpaka kwenye meno ya mkewe. Midomo ilisogea, ikapokea.

"Nina njaa," msusi alisema kwa sauti yake mwenyewe. "Nipe chai. Nipe mkate wote."

Fundi alimkatia mkate, na harufu yake ikampanda puani: mzoga.

Alijifungia kwenye karakana yake nyuma ya nyumba, katikati ya mafriji mabovu. Alifunga kwa ndani kwa kufuli na funguo akamtupia dada yake kupitia uwazi chini ya mlango. Kwenye uwazi huohuo dada alisukuma chombo cha visamaki kila siku, akageuza uso. Mtoto akazaliwa salama, wa kike. Fundi alimsikia akilia ng'ambo ya mlango, akashukuru, na mate yakamjaa.

Fundi alimwambia mkewe yote, bila kumficha neno.

"Usinitafunie kamwe. Umenisikia?"

"Nimesikia."

Na kwa muda mrefu alitii. Lakini alikuwa akikaa pale nje kila siku, mtoto mgongoni, akisikia maji yakilia kwap, akisikia sauti ya mumewe ikipungua maneno, na moyo wake ukawa haupati pa kukaa. Mchana mmoja alisema, "Nitaibeba njaa hiyo siku moja tu. Wifi yuko njiani, atamchukua mtoto. Wewe ule ushibe kama mtu, kisha unitafunie tena, niirudishe kwako."

"Hapana. Ondoka hapo."

"Umekonda sauti, mume wangu."

"Ondoka na mtoto!"

Akasikia karatasi ikifunguliwa. Akasikia mkate ukimeguka. Kisha akamsikia anatafuna, polepole, kama mtu mwenye siku nzima mbele yake, na fundi akarudi nyuma mpaka mgongo ukagonga friji la mwisho, akauma meno, akashika taya kwa mikono miwili, akajisemea kwamba yeye ni mtu na mdomo ni wake, akaendelea kujisemea hivyo hata alipohisi saruji baridi chini ya shavu lake na kuona mwanga wa nje, na kidole cha mke wake, na mkate uliolowa, na mdomo wake mwenyewe ambao hakumbuki kuufungua.

Mgongoni kwa msusi mtoto aliamka, akaanza kurusha miguu.

"Tulia mwanangu," msusi alimbembeleza. "Ngoja kwanza mama amlishe baba."