Nihamie kwa Nani?

Sindano ilikuwa inachelewa. Yote yalianzia hapo, na lilikuwa jambo dogo, hata la kuchekwa. Mshonaji alibonyeza kitufe cha kuanza, mashine ya kudarizi ikanyamaza kama mtu anayetega sikio kusikia maneno ya chumba cha pili, kisha ndipo ikaanza kudunga kitambaa. Siku zilivyosonga, kimya kile kikarefuka. Beji za sweta za shule zilizokuwa zikimalizika asubuhi zikawa zinalala hadi kesho yake, na walimu wakaanza kupiga simu bila hata salamu.

Dada mwenye karakana hakuhitaji kutafuta fundi mbali. Mdogo wake wa kiume, wa tumbo moja, ndiye aliyeiandikia programu kompyuta ndogo iliyokuwa ndani ya mashine ile. Wazazi wao walifariki yeye angali mdogo, na dada akamlea na kumsomesha kwa sindano ya mkono, mpaka vidole vikaota sugu. Mtaani walimwita Mtaalamu, jina alilolipenda kuliko alivyokubali kukiri.

"Mdogo wangu, hebu iangalie," dada alimwambia. "Wenzangu wanasema ina mtu ndani. Wanasikia harufu ya nywele zilizoungua."

Mtaalamu alicheka akashika mbavu. "Dada, humo ndani mna kompyuta ndogo kama kiberiti. Huyo mtu atakaa wapi? Imeelemewa na kazi tu, kama wewe."

Alikwenda mchana, washonaji wakiwa wametoka kula. Akafungua kifuniko, akapuliza vumbi, akaunganisha kompyuta yake kwa waya. Kwanza alishuku joto, lakini feni ilizunguka vizuri. Akashuku kumbukumbu imejaa, akakuta nafasi tele. Basi akatazama kazi zote ambazo kompyuta ile ilizifanya kwa pamoja: kusogeza fremu, kupandisha sindano, kuangalia kama uzi umekatika. Zote alizijua, maana alizizaa mwenyewe. Chini yake palikuwa na kazi nyingine, isiyo na jina, na hiyo ndiyo iliyokuwa inakula karibu nguvu zote.

Akaizima. Ikarudi. Akaizima tena, na safari hii ilirudi juu ya nyingine zote.

"Sawa," alijisemea. "Nitafuta kila kitu, nianze upya."

Alipogusa kitufe cha kufuta, skrini ya mashine ikaingia giza. Skrini ile aliifundisha maneno machache tu, kama "Tayari", "Subiri" na "Uzi umekatika". Sasa iliandika: UNANITOA. NIHAMIE KWA NANI?

Alidhani ni mzaha wa mtu. Akachomoa waya wa kompyuta yake, maneno yakabaki. Akachomoa umeme ukutani, na hapo ndipo mashine, isiyo na umeme wala uzi, ilipoanza kudunga, taratibu kwanza, tak, tak, kisha mbio, mpaka meza ikatetemeka na mikasi ikaanguka sakafuni, na ile harufu ya nywele zilizoungua ikajaa chumba kizima kana kwamba kichwa cha mtu kimeshikwa karibu na moto nyuma yake, naye akakimbilia mlango akauvuta, mlango ukagoma, akauvuta tena kwa mikono miwili huku akisikia pumzi ya joto ikimpanda shingoni, polepole, hadi ikafika sikioni.

"Nihamie kwako?" ilinong'ona.

"Hapana! Siyo mimi!"

"Kwa nani basi?"

"Kwa dada," alisema, na sauti ilimtoka nyembamba kama ya mtoto. "Kwa dada yangu. Mwenye karakana."

Mashine ikanyamaza. Mlango ukafunguka wenyewe.

Washonaji waliporudi walimkuta ameketi, sweta ameifunga kiunoni kuficha suruali iliyolowa. Wakachomeka umeme, wakajaribu mashine, ikaruka kama swala. Walipiga vigelegele, na dada akamkumbatia mbele ya watu wote. "Si niliwaambia? Damu yangu hii!"

"Lilikuwa vumbi tu," alijibu, macho chini.

Tangu siku ile, dada ndiye aliyeanza kuchelewa. Ukimwita, alikaa kimya kwanza, kana kwamba kuna mwingine anayesikia kabla yake, kisha ndipo aitike. Alimimina chai ikafurika, akaitazama. Siku moja sindano ilimtoboa kidole ikatokea upande wa pili, naye akaendelea kushona. Washonaji walitania kwamba bosi anazeeka, mpaka walipoanza kusikia ile harufu kwenye mtandio wake. Hapo utani ukaisha.

Mtaalamu akaacha kwenda kula kwa dada. Alizunguka mitaa ili asipite mlangoni pake, na watu walipomsifu kwa kuiponya mashine alihisi kama wanamvua nguo barabarani. Mwishowe alimleta mganga, mwanamume mwembamba mwenye shati lililopigwa pasi vizuri. Mganga alimshika dada kiganja, akakiachia upesi, kisha akamvuta Mtaalamu kando.

"Huyu hakuja mwenyewe," alisema kwa sauti ya chini. "Kuna mtu alimtaja dada yako. Aliyemtaja amwambie usoni. Bila hivyo kazi yangu ni kupoteza ubani."

"Lazima iwe mbele yake?"

Mganga alimtazama kwa muda. "Kumbe ni wewe," alisema. "Basi nenda. Aibu haijamuua mtu. Huyu anaua."

Mtaalamu alipiga magoti mbele ya kiti cha dada.

"Dada, ni mimi. Aliniuliza aende kwa nani. Niliogopa. Nikakutaja wewe."

Dada alikaa kimya. Kimya kile kilirefuka hata mganga akasogea karibu.

"Najua," alisema hatimaye. "Aliniambia siku ile ile. Akasema kwangu hapamfai, vidole vimechoka, afadhali akurudie wewe. Nikamwambia akae."

Mganga akafunga mkoba wake polepole. "Mgeni aliyekaribishwa na mwenye nyumba," alisema, "mimi sina dua ya kumtoa."

"Dada, mkatae!" Mtaalamu alilia. "Mwambie aje kwangu!"

Alisema hivyo, lakini mwili wake ulikuwa umekwisha kurudi nyuma, mbali na kiti, na wote watatu waliona.

Dada akatabasamu. Akanyanyua mkono ili amfute machozi. Mkono ulisita hewani, kama unaosubiri ruhusa ya mtu, kisha ukamfikia shavuni, wa moto.