Mwezi wa Kumi wa Hannah

Kofi lilimkuta Thirza Pyle ameshika kikombe cha kahawa. Kikombe kikapasukia sakafuni, kahawa ikamrukia miguuni, na kabla hajajua kinachomuuma zaidi ni shavu au miguu, Garrett alikuwa ameshamsukumia simu usoni.

"Hannah ni nani?"

"Garrett, hebu nisikilize kwanza..."

"Nimekuuliza Hannah ni nani. Soma mwenyewe."

Ujumbe ulikuwa wa Ellis Tatnall: *Nimempata Hannah. Njoo kesho saa nne, chumba cha nyaraka. Usimwambie mtu kwanza, hasa watu wa Windle.*

Kama si damu iliyomjaa mdomoni, Thirza angecheka. Hannah alikuwa kaburini zaidi ya miaka mia mbili na hamsini.

"Ni bibi yangu," alisema. "Bibi wa mabibi zangu. Huyo huyo Hannah mnayemsema kwenye kitabu chenu."

"Kwa hiyo sasa mnamtumia marehemu mkutane vichochoroni."

Kofi la pili likampeleka mpaka kwenye kabati la vyombo.

Huyo ndiye Garrett Windle, mchumba wa mtu. Kila Jumapili aliketi kimya saa nzima na Wakweka wenzake, Wakristo wa dhehebu la amani, kwenye jumba la mawe la Birch Run, huku kwetu Chester, Pennsylvania. Watu hao hawashiki silaha tangu enzi za mfalme wa Uingereza, na ukiwatukana wanakukaribisha pai ya tufaha. Halafu Garrett alirudi nyumbani kupiga. Alichokuwa akijifunza katika ule ukimya, Mungu ndiye anajua.

Na kiburi alikuwa nacho tele. Ukoo wa Windle ulikuwa na kitabu chake, kimechapishwa na babu mmoja, kina jalada jekundu. Kinasema kwamba Joshua Windle, mzee wa ukoo, alisafiri Barbados kibiashara na kurudi Machi mwaka 1731, kwa mujibu wa hati za meli. Mkewe Hannah akajifungua mwezi wa kumi mwaka huo huo. Machi hadi Oktoba ni miezi saba, na mtoto alikuwa mnono, mzima kabisa. Basi Hannah mzinzi, Wakweka wakamtenga, Joshua akaoa mwingine na kuwazaa akina Garrett. Thirza ametoka kwa yule mtoto wa miezi saba. Ukoo wake mzima umekua ukisikia utani huo, na utani ukirudiwa sana unaacha kuwa utani.

"Damu ya Hannah hiyo," Garrett alisema akivaa koti. "Mimi nataka kukusafisha jina, wewe unataka kubaki na tope."

Ndoa ilikuwa imebaki hatua moja. Kwa Wakweka karani wa mkutano, ndivyo wanavyoita kanisa lao, hutangaza nia ya wachumba mara mbili na kuuliza kama kuna kizuizi. Mara ya kwanza ilikuwa imepita, hakuna aliyepumua. Ya pili ilikuwa Jumapili hiyo.

Kesho yake Thirza alikwenda chumba cha nyaraka amejipaka poda nene upande mmoja. Ellis alikuwa mwalimu wa historia, mjane, mtu wa maneno mengi na mizaha mingi. Yeye alitokana na dada yake Hannah. Walikutana mtandaoni, kwenye kundi la watafutaji wa koo, na kwa miaka mitatu walikuwa wakitumiana wosia za zamani kama wengine wanavyotumiana picha za paka. Siku hiyo alimwangalia shavu, na mzaha aliokuwa ameuandaa ukamfia mdomoni.

"Umeanguka?"

"Ngazi."

"Ngazi ina vidole vinne?"

Thirza akavuta kiti, akamwambia amwonyeshe alichomwitia. Ellis akafungua daftari kuukuu lililofungwa kwa ngozi.

"Kwanza hesabu. Wakweka wa zamani hawakuita miezi kwa majina, waliona ni majina ya miungu. Waliihesabu tu. Na wakati wa ukoloni mwaka wao ulianza Machi. Machi ndiyo mwezi wa kwanza. Sasa nihesabie mpaka wa kumi."

Thirza akahesabu kwa vidole juu ya meza. Alipofika mwisho akaanza upya, kwa sababu hakujiamini.

"Desemba."

"Machi hadi Desemba?"

"Tisa." Sauti ilimtoka ndogo. "Ellis, ni miezi tisa."

"Mtoto wa Joshua, bila wasiwasi. Aliyeandika lile jalada jekundu alisoma mwezi wa kumi kwa kalenda yake, akamwita mwanamke wa watu mzinzi. Na hakuna aliyemsahihisha, maana kila mtu alinakili kwake."

"Basi kwa nini walimtenga?"

"Hapo ndipo nilipokuitia. Hawakumtenga." Akamsogezea daftari. "Wanawake walikuwa na kikao chao, na kitabu chao cha kumbukumbu. Watafutaji wote wanasoma cha wanaume na kwenda zao. Hiki cha wanawake kina vumbi ambalo nadhani mimi ndiye wa kwanza kulipigia chafya."

Thirza akasoma polepole, herufi zimepinda. Hannah Windle alikuja mbele ya wanawake akiwa amevunjika taya, mtoto mgongoni. Wanawake wakaenda kumwona Joshua. Wakamtaka afanye kama desturi: aandike karatasi ya kujilaumu, asimame mbele ya mkutano aisome kwa mdomo wake mwenyewe kwamba amempiga mkewe. Joshua akakataa kusimama. Wakamwomba tena, akakataa. Aliyetengwa ni Joshua.

Thirza akalifunika daftari. Akalia pale pale, poda ikamtiririka, na Ellis akabaki ameshika kitambaa hajui kama anaruhusiwa kumfuta.

"Alitakiwa kusimama tu," Thirza alisema. "Kusimama na kusema. Hata hilo hakuliweza."

Walitoka pamoja. Garrett alikuwa ameegemea gari la Ellis, mkononi ana chuma cha kufungulia matairi.

Hakusalimia. Pigo la kwanza lilivunja kioo cha gari, la pili likamkuta Ellis kwenye mkono aliouinua kujikinga, na mfupa ukalia. Ellis akaenda chini. Garrett akampiga teke mbavuni, akapiga tena, akipumua kwa pua, bila matusi wala kelele. Thirza alimrukia mgongoni akamng'ata sikio. Akatupwa juu ya lami, magoti yakachunika. Watu walipotokea dirishani Garrett aliingia kwenye gari lake akaondoka taratibu, hata taa ya kukata kona akaiwasha.

Polisi walimtafuta kwake wakamkosa. Jioni ujumbe ukaingia kwenye simu ya Thirza: *Jumapili utakuwepo na utanyamaza wakiuliza kizuizi. La sivyo nitaumalizia mkono wa pili, halafu nije kwako.*

Hospitalini Ellis alikuwa amefungwa plasta mpaka begani, uso umevimba upande. Thirza alianza kuomba radhi, akamkatiza.

"Umenivunja wewe?"

"Hapana, lakini..."

"Basi nyamaza. Mimi ndiye nina la kukuambia, na nimeshadungwa dawa ya kutosha kulisema." Akatazama dari. "Nilimpata Hannah mwaka jana. Ile hesabu ya miezi."

"Mwaka jana? Na ukaniacha nizunguke makaburini?"

"Ningekupa, ungeshukuru ukaenda zako kuolewa. Nikawa nakuletea kipande kipande. Hiki kitabu cha wanawake kweli ni cha wiki hii, hicho sikukuficha. Nakupenda, Thirza. Nimekupenda tangu ulipogombana na mimi kuhusu wosia wa yule mfinyanzi."

Thirza alimtazama mpaka Ellis akaanza kujuta.

"Kuhusu wosia nilikuwa sahihi," alisema.

"Ulikuwa sahihi."

"Kuhusu mwaka mzima wa kunificha, tutagombana ukipona." Akaushika ule mkono mzima, na hakuuachia mpaka muuguzi alipokuja kumtoa.

Usiku huo alimpigia simu mama yake Garrett. Kwa Wakweka hakuna bwana wala bibi, hata mkwe unamwita kwa majina yake.

"Lenore Windle, mwanao amemvunja mtu mkono. Na mimi amenipiga, si mara ya kwanza."

Sauti ya mama mtu mzima, imechoka.

"Wanaume wa Windle wana hasira za karibu, mwanangu. Hupita."

"Zikipita huacha nini?"

Lenore hakukata simu. Thirza alimsikia anapumua, halafu akasikia kama kiti kinavutwa, halafu laini ikafa.

Jumapili jumba la Birch Run lilijaa, mabenchi ya mbao, hakuna mimbari, hakuna kinanda. Wakaketi kimya wakisubiri, kama ilivyo ada, yeyote atakayesukumwa moyoni asimame aseme. Gari la polisi lilikuwa limepangwa kupita, lakini wakati huo lilikuwa halijafika. Lenore aliketi benchi la mbele, kile kitabu chekundu mapajani, maana ndiye mtunzaji wake. Karani, mzee mwenye masikio mazito, akatangaza mara ya pili nia ya Garrett Windle na Thirza Pyle, akauliza kama kuna kizuizi.

Thirza akasimama. Magoti yalikuwa bado na mabandeji.

"Kipo. Ananipiga." Alitaka kusema mengi, aliyaandaa usiku kucha, yakabaki machache. "Na Hannah hakuwa mzinzi. Alipigwa na Joshua mpaka taya likavunjika, na wanawake wa mkutano huu wakamwamini. Joshua ndiye aliyetengwa, kwa sababu alikataa kusimama aseme alichofanya. Mimi nimesimama. Sitaolewa na Garrett."

Mlango wa nyuma ukapigwa ukutani.

Garrett alipita katikati ya mabenchi akiwa na matope ya msituni mpaka magotini. Alimshika Thirza nywele, akazizungusha mkononi, akamvuta chini. Thirza akajigonga kwenye ncha ya benchi, paji likachanika. Mtu akalia. Garrett akainua ngumi, na alipoishusha haikumpata Thirza. Ilimpata Lenore, aliyekuwa amejiingiza katikati na kitabu chake kifuani. Mama wa miaka sabini. Mdomo ukapasuka, damu ikamwagikia jalada, lakini hakuanguka na hakuondoka.

"Mama, toka."

"Sitoki."

"Mama, nakuambia toka."

"Baba yako alinipiga miaka thelathini," Lenore alisema, na kila mtu mle ndani alimsikia, hata karani. "Nikasema zitapita. Nikakulea humo humo, ukaona ndivyo mtu anavyoishi na mke. Hilo ni langu, nimelisema mbele ya watu. Sasa wewe. Simama vizuri, mwachie nywele, useme ulichofanya."

Hapo Wakweka walianza kuinuka. Wazee wa magongo, akina mama, kijana mmoja mwenye mtoto begani. Hawakumgusa. Walimzunguka tu, bega kwa bega, wakasogea na kusogea mpaka akawa hana nafasi ya kurusha mkono. Alimpiga kumbo karani, karani akayumba, akarudi pale pale. Akampiga mwingine. Akarudi pale pale. Naandika haya mwili ukinisisimka, maana mimi nilikuwa mmoja wa waliosogea, na ukweli ni kwamba nilitaka kumkaba koo. Mkono wa Garrett ulilegea. Nywele zikamtoka vidoleni.

"Sema," Lenore alimwambia.

Garrett aliangalia huku na huku, akaona nyuso tu. Akafungua mdomo. Akaufunga. Polisi walipoingia alikuwa bado hajasema kitu, na mahakamani hakusema pia, ila kwamba alichokozwa. Akafungwa. Mkutano ulimpelekea watu wawili gerezani kumwomba aandike karatasi yake, akawarudisha. Basi likapelekwa azimio la kumtenga, la kwanza tangu babu zetu, na mama yake ndiye aliyeomba lisomwe mara moja bila kupambwa.

Thirza na Ellis waligombana kuhusu ule mwaka wa kufichwa, siku tatu nzima, kwa simu, kwa ujumbe, na mara moja sokoni mbele ya muuza malenge. Kisha wakapatana. Mkono wa Ellis ulipona umepinda kidogo, akasema sasa ana mwandiko wa kikoloni.

Walioana mwaka uliofuata, jumba lile lile. Kwa Wakweka hakuna mchungaji. Walisimama wenyewe katika ukimya, wakashikana mikono, wakaahidiana mbele ya watu wote. Kisha cheti kikubwa kikatandikwa mezani, maana kila aliyehudhuria lazima aweke sahihi, hata watoto. Karani akachovya kalamu kuandika tarehe.

"Siku ya nne, mwezi wa kumi," alijisomea.

"Subiri," Thirza alisema. Mkono wake ulikuwa tumboni. Tumbo lilikuwa limeanza kuonekana, na mle ndani hakuna aliyekuwa hajaona. "Andika Oktoba."

"Thirza, sisi hatuandiki majina ya miezi. Miaka mia tatu na zaidi hatujaandika."

Watu wakamtazama Ellis, yeye akainua mabega. Lenore Windle ndiye aliyekuja mezani, kovu dogo mdomoni. Akaichukua kalamu mkononi mwa karani bila haraka, akainama, akaandika Oktoba kwa herufi kubwa ambazo mtoto wa darasa la kwanza angezisoma. Chini yake akaweka sahihi, wa kwanza baada ya maharusi.

"Mtoto huyu," alisema, "hakuna atakayemhesabia vibaya."